Simba Tisa Mfululizo

Majengo, Songea
Jumatatu

Kaka yangu Mathias,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko chuoni, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama yuko Mshangano anavuna mahindi, anakusalimu na anauliza kama unakula.

Mimi situlii. Nakaa kwenye cherehani, nasimama, nakaa tena. Jana nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, mteja akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sababu ni ujumbe wako wa Ijumaa. Umesema karatasi nne za kurusha sarafu nilizokutumia zimekuonyesha jambo la ajabu, kwamba sarafu ya kurushwa kwa mkono haipendi kurudia upande mmoja mara nyingi kama kompyuta ifanyavyo, na Alhamisi utalitangaza mbele ya maprofesa. Mama amewaambia hadi wanakwaya.

Kaka, ulivyonieleza nilielewa. Kanuni zinazoficha siri za kwenye simu hupimwa kwa kulinganishwa na bahati tupu. Swichi nane, kila moja imewashwa au imezimwa, zina hali mia mbili hamsini na sita. Kila hali ipewe jibu lake kwa sarafu, mtu asichague: upande wa simba uandikwe moja, wa kichwa sifuri. Na kweli nilirusha, juu ya meza ya kukatia vitambaa, sikuruka hata hali moja.

Lakini kwenye karatasi ya kwanza simba alitoka mara tisa mfululizo. Nikaona aibu. Tangu shuleni unaniita mvivu, nikajua utasema nimejaza moja, moja, moja ili nimalize haraka. Nikabadilisha tatu za katikati. Kuanzia hapo, kila upande uliporudia zaidi ya mara nne, nilichanganya. Niliogopa usije ukadhani nimedanganya, nikadanganya. Hilo jambo lako la ajabu nimelifanya mimi, kwa kalamu.

Karatasi za awali, zenye matokeo ya kweli, niliwashia jiko. Kupiga simu nimeshindwa, maana ningeisikia furaha yako ningenyamaza tena. Nakuomba usisimame na zile nne.

Tangu Jumamosi nimerusha upya. Karatasi nyingine nne ziko humu, konda wa basi atakukabidhi. Ya tatu ina vichwa kumi mfululizo. Mkono uliniwasha kuvichanganya, nikaviacha. Naomba uniamini.

Msalimie wifi Rosemary. Mama bado sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Benigna