Ulimi wa Mbwa Migongoni mwa Watu

Jumatatu, 3 Machi

Leo soksi. Mwaka wa arobaini na moja nafua nguo za watu, soksi za namna ile sijaziona. Za sufu, nene, ndefu mpaka gotini, na joto lote hili. Mwenye nazo ama mgonjwa ama ana siri. Tena zimejaa vidude vya kunata kuanzia kidoleni mpaka juu. Si kishonanguo, kile nakijua, chembamba kama sindano. Hivi ni vidogo, bapa, vina vijino kila upande. Ukikigusa kinakuganda kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula.

Meneja akasema nizitupe mashineni hivyo hivyo. (Meneja ni binti yangu. Namwita hivyo tangu alipoandika jina lake mlangoni juu ya langu.) Thubutu. Dobi anayemrudishia mtu nguo na miba yake si dobi, ni mvua. Nikaketi dirishani na chanuo langu la chuma, nikavichambua kimoja kimoja, kavu, kabla ya maji. Saa mbili nzima. Kiganja kilipojaa nikavimwaga kwenye jiko la makaa ninalochemshia wanga wa kukazia nguo, pamoja na manyoya ya nguo. Vikasema tss, vikaisha.

Vyote isipokuwa kumi na kimoja. Hivyo nilikuwa na kazi navyo.

Daftari hili halina msomaji, basi niseme ukweli. Kitu kinachoganda kwenye nguo bila mwenye nguo kujua ni zawadi. Na mtu wa miaka sabini na minne hapewi zawadi nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi: vinne, mgongoni. Nilimpigapiga nikimsifia redio yake mpya.

Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye huja kila siku kunishinda mchezo wa dama na kumaliza chai yangu: vitatu, kwenye kofia ya sufu.

Mwalimu wa kwaya, alipokuja kuchukua majoho ya waimbaji: vitatu kwenye shali, nikavipanga pembetatu. Sanaa ile.

Meneja: kimoja, chini kidogo ya kola. Amekwenda nacho sokoni, akaenda nacho benki, akarudi nacho akanigombeza kwamba sijatulia.

Nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu.

Mwenye soksi kaja mwenyewe leo. Mama mfupi, wa miaka hamsini hivi, sauti bado inakwaruza kwa ugonjwa. Zile nguo zililetwa na mpwa wake. Nikamkabidhi soksi kwa fahari, zimekunjwa, laini, hazina hata uzi uliosimama. Akazigeuza ndani nje. Akaingiza mkono mpaka kwenye kidole. Akauliza polepole, mbegu ziko wapi.

Nikasema mbegu zipi mama, hapa tunafua tu.

Akakaa kwenye kapu la nguo chafu. Hakunifokea. Angefoka ningejua la kumjibu, nimefokewa na wanawake hodari.

Ni mtaalamu wa mimea. Soksi zile ndizo kapu lake. Kuna ua, linaota kwenye mteremko nyuma ya machimbo ya kokoto, na mbegu zake husafiri kwa kung'ang'ania: manyoya ya mbuzi, suruali za watu, chochote kinachopita. Kwa hiyo ukizitaka huinami kuziokota. Unavaa sufu, unapita katikati, unarudi, unapita tena. Unatoka umevaa shamba. Alipita hivyo siku nzima, akarudi na homa, akalala. Mpwa wake, msichana mwenye adabu na usafi, akakusanya nguo chafu zote akazileta kwa dobi.

Nikamwambia si atapita tena. Akasema mteremko umekwisha. Wiki iliyopita tingatinga zimeukwangua, sasa ni kokoto tupu. Na kwingine kokote ua lile halijaonekana. Kalitafuta miaka sita.

Akanichorea nyuma ya risiti. Ukoo wake unaitwa ulimi wa mbwa, kwa sababu jani lake ni refu, lina vinywele, linakwaruza. Yeye husema jenasi, mimi nasema ukoo. Ukoo mkubwa, una ndugu milimani na kando ya njia katika nchi nyingi, na wote wana vidude vya kuganda. Kama wakwe zangu tu. Maua madogo, petali tano, yamepangwa kwenye kikonyo kilichojikunja kama mkia wa nge, na mkia hujikunjua kadiri yanavyochanua. Huanza na rangi ya waridi, yakikua yanakuwa buluu. Huyu wa machimboni ana jicho jeupe katikati, ndugu zake wale wengine hawana hilo. Alilichora jicho lile mara mbili.

Akauliza kama nilizitupa jalalani, yuko tayari kulichambua jalala. Nikasema jikoni. Kwenye makaa.

Akasema basi limebaki jina kitabuni. Akashukuru kwa soksi. Alishukuru!

Alikuwa ameshafika mlangoni nilipokumbuka kumi na kimoja. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia ni kuona haya. Ilibidi niseme mbele ya Meneja. Nikasema.

Meneja alipeleka mkono mgongoni taratibu. Akasema: "Baba." Neno moja tu.

"Usikikwangue," nikamwambia, "geuka."

Bado kilikuwapo, chini ya kola. Blauzi ile ile, hakuifua, siku mbili aliitundika akaivaa tena. Binti wa dobi huyo. Nikakitoa kwa ukucha na yeye kasimama ameinamisha shingo, kama alipokuwa wa miaka sita na nikimchambua nyasi kwenye nywele. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

Mama Majani (nimeshampa jina) akakipokea kwenye kiganja kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Akauliza: "Na vile kumi, mzee wangu, viko kwenye migongo ya nani?"

Ijumaa, 7 Machi

Kuungama ni kazi ya kuchosha kuliko kupiga pasi.

Kinyozi kwanza. Nikamwambia. Akazima redio. Akasema hivyo vilimtoboa Jumanne nzima, kila akiegemea kiti anaruka, wateja wakadhani kapagawa. Alipovua shati akaviona, akavikung'utia sakafuni, akafagia na nywele.

"Nywele ziko wapi?"

"Kwenye gunia, uani. Karibu sana."

Nimefukua gunia la nywele za mtaa mzima. Mama Majani upande mmoja na lenzi, mimi upande mmoja na chanuo, Kinyozi juu yetu kakunja mikono akituhubiria. Nywele za mkuu wa shule, za fundi bomba, za bwana harusi wa juzi, mle ndani wote sawa, hakuna bosi. Mchana tukapata kimoja. Saa kumi cha pili. Viwili vingine hatukuviona, na gunia tulilipindua mara tatu.

Kinyozi akasema kesho nije anyoe masikio yangu bure, maana nimemchekesha. Simwamini. Nitakaa mgongo ukutani.

Shemeji jioni. Kofia kichwani, vidude vyote vitatu kwenye kofia. Hajaivua tangu Jumanne, na sitaki kujua ameivua lini kabla ya hapo. Lakini alipoona ninavyovitaka akaishika kofia kwa mikono miwili. Akataka bei. Akasema nikiri mbele ya mashahidi kwamba tangu nimuoe dada yake sijawahi kumshinda dama kihalali.

Mashahidi walikuwa Meneja na Mama Majani. Nimekiri. Ni uongo mtupu, nauandika hapa ili ijulikane: nilimshinda mwaka ule wa mvua nyingi, mara mbili.

Vitatu na viwili na kile cha Meneja, sita.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu wa kwaya. Huyu nilimwogopa tangu jana.

Nimemkuta ukumbini, mazoezi yamepamba moto, waimbaji ishirini. Upande wa besi wamesimama wote, wengine wamekaa. Nikaingia na kofia mkononi, nikaomba neno faragha. Akasema kwenye kwaya hakuna faragha, sema.

Basi nikasema. Pembetatu. Mgongoni. Mimi.

Besi mmoja, lile jitu linalouza vyuma chakavu, akasema kwa sauti iliyotoka chini ya ardhi: "Kumbe ni huyu."

Kumbe Mwalimu aliigundua pembetatu jioni ile ile. Akajua tu ni besi, kwa sababu besi ndio husimama nyuma yake wakipanda jukwaa. Hawakukiri. Akawaadhibu: kuimba wima, siku nne, mpaka mwenye kosa ajitokeze. Mmoja alikuwa na goti bovu.

Nikauliza, kwa adabu zangu zote, je, vile vidude Mwalimu alivitupa?

Akanitazama kama noti iliyoimbwa vibaya. Akafungua mkoba, akatoa bahasha. Imeandikwa juu kwa wino mwekundu: USHAHIDI. Ndani vitatu, vizima, vimefungwa kwenye karatasi laini.

Sijawahi kumpenda mwanamke mkali kama nilivyompenda yeye dakika ile. Nikamwambia. Akasema nitoke. Nikiwa mlangoni nikamsikia anawaambia besi waketi.

Jumatatu, 10 Machi

Tisa. Tumevipanga kwenye kitambaa cheupe mezani, Mama Majani anavikagua kwa lenzi. Akauliza mara tatu kama nilivitoa kavu. Kavu, nikasema, dobi hatii maji kabla ya kuchambua. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, akasema ningekuwa dobi mtulivu vyote vingekuwa majivu leo.

Nikamwambia Meneja aandike hilo ukutani.

"Na ungekuwa dobi mvivu," Mama Majani akaongeza, "vingekuwa hamsini."

Meneja akasema hilo ndilo ataandika.

Sita kachukua yeye, anapeleka maabara, kuna vyumba vya baridi na vijana wenye makoti meupe. Tatu kaniachia mimi. Nikashtuka. Nikasema mama, mimi nimeishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikuwa nachungulia dirishani. Akasema ukoo huu haujali shule. Unataka udongo mbovu wenye changarawe, jua la asubuhi, na mtu asiyemwagia maji kila akijisikia mpweke. Maabara yake haina hata kimoja cha hivyo. Isitoshe, akasema, aliyezitawanya azilee.

Kopo la rangi, nimelitoboa chini. Udongo wa nyuma ya karakana yetu ya kufulia, na kokoto. Nimezifukia kina cha ukucha. Liko dirishani, penye kiti changu.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna kitu. Shemeji anauliza kila akiingia kama mtoto amezaliwa.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna kitu. Mama Majani kapita. Za maabara, nne zimeota ukungu mweupe, zimeoza. Kasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma saa. Mbili zimekaa kimya. Akatazama kopo langu, akatazama pembeni. Zilizobaki duniani ni hizo mbili na hizi tatu.

Meneja alimpa chai. Alipoondoka akaniambia nisijitese, Baba, ni ua. Nikasema najua. Nikamwona amelisogeza kopo kidole kimoja, jua lilipohama.

Jumatatu, 31 Machi

Kavu juu. Nikatia maji kijiko kimoja. Mkono ulitaka cha pili, nikaukataza.

Mimi ni mtu wa kutoa madoa. Maisha yangu yote kazi yangu ni kuondoa kitu kwenye nguo mpaka kisiwepo. Sijawahi kukaa siku ishirini na moja nikisubiri kitu kiwepo. Inauma kiunoni.

Alhamisi, 3 Aprili

Kuna kitu.

Kijani, kimepinda, kimebeba udongo mgongoni kama mpagazi. Nimemwita Meneja. Kaja na pasi mkononi. Tumeinama wote wawili. Akasema labda ni mchicha. Nikamwambia anyamaze.

Ijumaa, 4 Aprili

Viwili! Cha tatu hakijatoka.

Kinyozi kaja kuona, kafunga duka kwa ajili hiyo. Anasema ni mchicha. Shemeji anasema ni mchicha. Yule besi wa vyuma chakavu kaleta nguo leo, ya kwanza tangu yale mambo, akainama, akatazama sana, akasema kwao kijijini ule ni mchicha. Sikujua mji huu una wataalamu wengi wa mchicha.

Nimetuma ujumbe kwa Mama Majani.

Jumapili, 6 Aprili

Kaja. Yupo hapa sasa hivi. Naandika kwa sababu amenikataza kusema, na mimi nisiposema lazima kitu kitoke mahali pengine.

Kabla hajafika niliangalia vizuri. Kwenye mche wa kwanza, katikati ya vijani vyake viwili vya mwanzo, kumetoka jani jingine, dogo kama ukucha wa paka. Nimelipitishia mdomo, polepole. Linakwaruza. Sikumwambia Meneja kwamba nimebusu jani. Lakini majani mengi yanakwaruza, sijidanganyi.

Amepiga magoti kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, sketi yote imelowa, hajali. Lenzi jichoni. Meneja amesimama nyuma yake, ameshika kitambaa cha mkono cha mteja, anakikunja, anakikunjua. Mama Majani ameniambia zile mbili za maabara nazo zimeoza, juzi. Alisema kabla hata ya kusalimia.

Kwa hiyo ni hili kopo.

Sasa anahamia upande wa pili. Pumzi amezibana, nasikia hazipo. Ameelekeza ncha ya kalamu kwenye kijani, hakigusi, anakisogelea tu. Ametoa ile karatasi yake ya michoro, anatazama karatasi, anatazama kopo. Karatasi. Kopo. Midomo inahesabu kitu.

Meneja ameniminya bega. Mkono wake umelowa.

Mama Majani amevua miwani. Ameifuta kwa upindo wa blauzi. Ameivaa, ameinama tena, pua karibu iguse udongo. Halafu, bila kuinua kichwa:

"Mzee wangu, una kopo kubwa kuliko hili?"