Vidole Vinne Juu ya Maji

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imetufikia hapa Sikonge. Goti la bibi yako limepata nafuu, na tumbaku tumeshaikausha.

Unauliza tulijuaje uzito wa mtumbwi na mzigo wake bila mizani. Tulipima kwa vidole. Ukishapakia, unalaza vidole ubavuni: vikienea vinne kati ya maji na ukingo, unavuka Mto Ugalla. Visipoenea, unashusha mzigo.

Siku moja tulikuwa tunatoka porini na asali, mimi na pacha wangu Kulwa. Mtumbwi ulikuwa wa gome la mti, na gome hunywa maji. Nilipima, vikaenea vinne. Tukauacha majini na mzigo wake, tukakaa kunywa uji hadi jua likapanda.

Kulwa akasema, "Doto, pima tena."

Nikamwambia, "Si nimeshapima?"

Katikati ya mto maji yakaanza kuingia. Mimi nilifika ng'ambo. Yeye hakufika.

Vidole havikunidanganya, mjukuu wangu. Vilisema kweli ya asubuhi.

Hadi leo mgeni akisikia naitwa Doto, hujua nina pacha, na huuliza kwa furaha, "Kulwa yuko wapi?"

Babu yako,
Doto