Vijiwe vya Masikio ya Samaki

Jumamosi, mwezi wa saba. Soweto, Mbeya. Ukungu haujainuka tangu asubuhi.

Sijawahi kumwambia mtu hili: anayevunja vichwa vya samaki wa Mama ni mimi.

Mama anauza samaki wa Ziwa Nyasa sokoni. Wakifika kutoka Kyela, kazi ya kuwatoa matumbo ni yangu. Hiyo anaijua. Asichokijua ni kwamba kila tumbo nalifungua nione samaki amekula nini, halafu naingiza ncha ya kisu chini ya kichwa na kutoa vijiwe viwili vyeupe, vidogo kama chenga za mchele. Wateja wameanza kununa. Kichwa ndicho cha supu, nani anataka kilichopasuka?

Ni kazi ya baiolojia. Mwalimu alitueleza jinsi wataalamu wa bahari wanavyopima uvuvi unavyovuruga food web, yaani nani anamla nani majini. Akasema bahari hatuna, ila ziwa tunalo. Tumbo linaonyesha chakula. Vijiwe vya masikio vina miduara kama shina la mti, vinaonyesha umri.

Mbasa, samaki mkubwa wa ziwa letu, chakula chake ni usipa, dagaa wa Nyasa. Lakini matumbo mengi ya mbasa niliyofungua hayana usipa. Yana wadudu, au hayana kitu. Na vijiwe karibu vyote ni vya samaki wachanga. Mwalimu anasema samaki wa meza moja ya sokoni hawawezi kusemea ziwa zima, na mimi naelewa. Bado kila nikikuta tumbo tupu najiuliza. Usipa wake uko wapi? Jana tuliula sisi, na wali.

Leo woga umeingia ndani ya nyumba.

Tumaini, dada anayetusaidia kazi, kwao ni Mlandege, Iringa. Tunalala chumba kimoja. Kopo la vijiwe nililificha chini ya godoro lake, kwa sababu langu Mama hulipekua. Asubuhi Bibi, aliyekuja juzi kutoka Tukuyu, akatandika vitanda. Akaliona. Akavimwaga vijiwe kwenye sinia.

"Haya meno ya nini?"

Tumaini akacheka. "Bibi, mimi hata jiwe la kusugulia miguu sina."

Hakuna aliyecheka naye. Mama aliliangalia sinia. "Kumbe ndiyo maana," akasema taratibu. "Na vichwa vinapasuka vyenyewe."

Nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe cha chai. Nikaendelea kunywa.

Ningeweza kulieleza jambo zima kwa Kiingereza mbele ya darasa, ingawa naogopa watu. Jina la vijiwe, miduara, yote. Mbele ya Bibi nilibaki na neno moja tu, vijiwe, na ndilo hilo hilo yeye analolisikia kama uchawi.

Jioni hii mzee wa kanisa anakuja kuiombea nyumba. Kesho Tumaini anapandishwa basi la Iringa. Maneno yatafika Mlandege kabla yake, kwamba kafukuzwa Mbeya kwa uchawi. Nani atampa kazi tena? Nani atamsalimia?

Yeye kila asubuhi ananiamsha na "kamwene", salamu ya kwao, na mimi naiitikia vibaya makusudi ili acheke. Mchana nilimkuta uani anaanua nguo zake, bado mbichi.

"Wewe si unajua mimi siko hivyo, eti mdogo wangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Basi. Kichwa tu.

Naogopa. Naogopa Mama atakavyoniangalia. Naogopa zaidi kuamka keshokutwa, kitanda chake kitupu, na mimi nimekaa kimya kama leo.

Blogu hii siku zote naiandika kwa Kiingereza, ili mtu wa nyumbani akiishika simu asiambulie kitu. Leo nilipoanza mkono umekwenda wenyewe kwenye Kiswahili. Sasa najua kwa nini.

Ndala za Mama zinaburuzika kwenye korido. Siku nyingine ningeshaisukuma simu chini ya mto.

Zimesimama mlangoni. Naiacha inawaka.

Mama, usiniulize kitu kwanza. Soma kuanzia juu.