Mama, Uliyomwambia Mke Mwenzio

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kwale, katika chumba nilichopewa na shule, na wewe najua bado uko Shimoni kwa Mama Mkubwa. Sikuulizi hali kwa adabu tu. Hali yako ndiyo inayonishikisha kalamu, hiyo pamoja na wivu. Nimejaribu kuuita kwa jina jingine nimeshindwa. Namwonea wivu mke mwenzio.

Najua utacheka. Watu wa Msambweni waliungoja wivu huo kwako tangu Baba alipokuoa mke wa pili, Mama Mkubwa akiwa kule Shimoni na wewe hapo Msambweni, kila mmoja na zamu yake. Walingoja matusi, wakangoja mafumbo ya kanga, wakachoka. Sasa mmefika mahali mnalala chumba kimoja, na Baba ndiye anayetandikiwa barazani. Wivu mlioukataa ninyi wawili nimeuchukua mimi, mtoto.

Unaikumbuka siku niliyoingia mwezini mara ya kwanza? Shangazi walikwisha kunichagulia somo, yule mwanamke wa kumfundisha mwari mambo ambayo mamake huona haya kuyataja. Ukawaambia, "Mimi nimemzaa, nitamwonea haya gani?" Ukafunga mlango. Ukanionyesha jinsi ya kukunja vitambaa, na jinsi ya kuvianika chini ya kanga ili vipate jua bila kuonwa na wapita njia. Ukanifundisha josho la kujitwaharisha na nia yake. Kisha ukanishika kidevu ukasema, "Likikupata lolote la mwili, njoo kwangu. Na mimi likinipata nitakuja kwako. Nani mwingine ninaye?" Nilikuwa mtoto, lakini maneno hayo niliyachukua kama ahadi ya watu wazima wawili.

Ilipofika Ramadhani ya kwanza baada ya Uhuru, nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, niko nyumbani nasubiri kupangiwa shule. Kaskazi ilikuwa imekaza na kila mtu alilalamikia joto, kwa hiyo sikuona ajabu ulipoamka na kanga imelowa mgongoni. Hata ulipoanza kugombana na makaa, na mwiko, na mimi, nilisema ni saumu. Jioni moja ulinifokea kwamba nimejaza iliki kwenye tambi za futari. Ukazionja, ukasema hazina iliki kabisa. Nikacheka. Wewe ukaenda uani ukalia, na uliporudi ulinipakulia kana kwamba hapakuwa na kitu.

Kumi la kwanza nilikukuta jikoni unakula muhogo mchana. Nikageuza uso, kwa sababu mwanamke akila mchana wa Ramadhani haulizwi. Kumi la kati nikakukuta tena. Kumi la mwisho tena, na hedhi haikai mwezi mzima. Halafu nikautazama mwili wako, umenenepa kiunoni, na akili yangu ikanipa jibu moja: una mimba.

Mama, nilimchukia mtoto yule. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na nilikuwa nikilala nikimwona mapajani pako akinyonya, amekaa mahali ambapo hajawahi kukaa mtu ila mimi. Nikakuzunguka kwa maswali.

"Mama, tumwambie muuza maziwa aongeze?"

"Ya nini?"

"Labda kuna mtu atayahitaji."

"Ukitaka chai ya maziwa sema, mwanangu. Kusoma kote huko na bado unaomba kwa kuzunguka."

Siku mbili kabla ya Idi, Mama Mkubwa akaja na pweza mkavu na halua. Baada ya futari mkajifungia chumbani. Mimi nilikuwa naleta kahawa, na mlango haukufungika vizuri, kwa hiyo nilisikia.

"Mwenzangu, ilipopotea kabla ya Ramadhani mimi nilidhani nimeshika mimba," ulikuwa ukisema. "Nikawaza, umri huu, uso nitauweka wapi mbele ya mwalimu?"

"Mimba ya nani? Mzee wetu siku hizi akija kwako si kuhesabu kuku tu?"

Mkacheka mpaka kitanda kikalia. Kisha sauti ya Mama Mkubwa ikatulia.

"Damu ikikaribia kukoma hutangatanga hivyo, dada. Mimi ilinichezea miaka. Mwezi mmoja mara mbili, kisha miezi mitatu hamna kitu, kisha inakuja kama mtungi umepasuka. Na lile joto linalopanda kutoka kifuani hadi masikioni, hata ukiwa umekaa kivulini?"

"Hilo hilo. Na usingizi sina. Na hasira. Juzi nilimlilia iliki."

"Basi si mimba na si shetani. Unaaga ujana, bibi."

"Na sala je? Sijui tena siku ipi ni yangu na ipi si yangu."

"Ikizidi siku kumi na tano, oga usali. Inayobaki haikuzuii. Nami niliuliza, nikajibiwa hivyo."

Nikaingia na sinia. "Mwalimu huyo," akasema Mama Mkubwa, "tukae vizuri." Ukatazama mkeka.

Mzaha haukuniuma. Kilichoniuma ni ule utulivu uliokuwa usoni pako kabla hujaniona, uso wa mtu aliyetua mzigo, na hukuutua kwangu. Na yote aliyokueleza nilikuwa nayo. Chuoni tulifundishwa katika somo la mambo ya nyumbani kwamba hedhi haikomi ghafla kama taa. Hutangulia miaka ya kuyumba, na katika miaka hiyo mwili hupata joto la ghafla, usingizi hukatika, moyo huwa mwepesi kuudhika, na mimba bado inaweza kuingia, ndiyo maana wengi huchanganya. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lilipokaa mbele yangu likinipakulia tambi, sikulitambua. Lakini ungeniambia neno moja tu, Mama. Ningekusogezea kitanda dirishani. Ningekuambia upunguze chai nzito na pilipili jioni, uvae kanga moja nyepesi, utembee ufukweni jua likipoa, ule mchicha na dagaa. Ningekuambia kwamba huna wazimu. Yeye alikuambia kabla yangu, na alikuambia vizuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Baada ya Idi nikapangiwa shule hapa Kwale, nawe ukafunga nyumba ukamfuata.

Nilipokuja Shimoni likizo iliyopita, ulikuwa umelala kwenye mkeka na yeye amekaa kichwani pako na kipepeo cha ukindu. Niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Joto lilipokupanda, mkono wake ulianza kupepea kabla hujafungua mdomo. Nilitamani kumnyang'anya kile kipepeo. Nadhani alijua, maana alininyooshea.

"Shika, mwalimu, umpepee mamako."

"Mwache," ukasema umefumba macho. "Huyo hupepea kama anafuta ubao."

Mkacheka tena, nami nikacheka ili nisilie.

Lakini ulipoinuka kwenda kutia udhu, ulishika ukuta. Nilikutazama ndani ya midomo, ilikuwa myeupe. Nikakuuliza damu imetoka siku ngapi, ukasema wiki ya tatu hii, na kwamba hata mwezi uliopita ilikuwa hivyo. Mama Mkubwa akasema, "Ndiyo inakata hiyo. Hata mimi ilinifanya hivyo." Nikamjibu kwamba mwili wako si mwili wake. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Ukaniuliza, "Umekuja kunitazama au umekuja kunigombania?" Nilikuwa nimekuja kwa yote mawili. Asubuhi nikaondoka.

Tangu hapo nimezungumza na mkunga mmoja hapa Kwale, mama mtu mzima. Amenieleza kwa upole. Damu kutangatanga si ugonjwa, Mama Mkubwa hakukosea. Lakini ikitoka wiki kwa wiki, na kichwa kikazunguka, na midomo ikawa myeupe, hapo si ya kungojwa ikome yenyewe. Huenda damu mwilini imepungua sana na unahitaji dawa ya kuiongeza, huenda kuna uvimbe katika kizazi. Mengi ya hayo hutibika yakiwahiwa. Amesema nisikutishe, na amesema nisikuache. Hospitalini Msambweni kuna daktari mwanamke kila Alhamisi.

Nakusikia ukisema hutavuliwa nguo na mtu usiyemjua. Nami ningekuja kukusihi, lakini nikikusihi utanipa jibu la kumpa mtoto: utanipa moyo, utaniambia Inshallah, na hutakwenda. Nimeliwaza hilo sana hapa juu, na kila nikiliwaza nafika pale pale. Yuko mtu mmoja ambaye akikuambia "twende, dada," utavaa buibui lako utoke. Mtu huyo si mimi.

Kwa hiyo barua hii nataka naye asomewe, yote, hata maneno yanayomhusu. Mama Mkubwa, shikamoo. Nilikujibu vibaya nyumbani kwako, na wivu haujaniisha. Tafadhali mpeleke mama yangu hospitali. Usingoje ikate.

Nitashuka Alhamisi, niwakute mlangoni. Niliuliza kama daktari huyo anajua Kiswahili, na nakiri nilitamani niambiwe hajui, ili mnihitaji nitafsiri. Anakijua vizuri. Basi ingieni ninyi wawili, nami nitakaa kwenye benchi la nje. Mama, akikuuliza mwambie yote, usifiche hata siku moja ya damu. Na akikulaza kitandani umshike mwenzio mkono kwa nguvu. Mimi nitaustahimili wivu wangu. Kukukosa wewe siwezi.

Binti yako wa pekee.