Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mtaa wa Jamhuri, Jumapili alasiri

Mama Nafula, mke wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kukuandikia baada ya kimya kirefu, tena kwa habari isiyopendeza. Nimekiharibu kisu chako.

Ni kile nilichokichonga kutoka kwenye tupa kuukuu ya kunolea, makali upande mmoja tu, kikufae wewe uliyetumia mkono wa kushoto. Nafula amerithi kibanda chako cha mboga Kangemi, na mkono wako pia. Ndicho anachokatia sukuma wiki. Juma lililopita alikitumia kufungulia mkebe wa rangi, ncha ikakatika. Akaniletea nikichonge upya, kwa kuwa visu vya dukani vinamtoroka mkononi.

Msumeno uliteleza juu ya chuma kile kana kwamba nakata kioo. Sikuwa na budi kutumia mashine ya kunolea, pale nyuma ya jikoni. Waijua sheria: chuma kikianza kupata joto, kitie majini; kikigeuka samawati, ugumu wake umekwisha. Lakini nilikuwa nimechoka, mama. Nikataka kumaliza. Nilipotazama vizuri, makali yote yalikuwa samawati. Kukipika upya kwa moto ili ugumu urudi siwezi tena. Macho yangu hayaaminiki kuisoma rangi ya chuma motoni.

Nilizima mashine, nikaketi juu ya ndoo. Hapo nikatambua kwamba miaka yote ile sikuwahi kuitii sheria hiyo mwenyewe. Ni wewe uliyesimama begani mwangu na jagi, ukisema, "Baba Nafula, maji." Nami nikinung'unika kwamba wanikatiza kazi. Nisamehe. Sikuwahi kukushukuru.

Nafula alipokuja nilimweleza yote. Akakigeuza kisu, akakijaribu kwenye ukucha, akacheka kama wachekavyo dada zako.

"Baba, kwani imekufa? Si inakata. Ni kunoa tu kila saa."

Nikamwambia kwamba asipoijua pembe yake ya kunolea atakimaliza kabla ya mwezi kuisha. Akakitwaa kisu, akasema:

"Basi kuja unoe wewe. Wateja wa Mama huuliza uko wapi."

Nikaanza kufagia vumbi la chuma. Tangu tulipokuzika sijathubutu kufika kwenye kibanda kile. Nimetoa visingizio vingi: magoti, mvua, ibada. Ukweli ni kwamba naogopa kuona mtu mwingine ameketi mahali pako, hata akiwa mtoto wetu.

Walakini chuma kilicholegea hakijali hofu ya mzee. Kikikosa kunolewa siku mbili, kitakuwa butu, kitateleza na Nafula atajikata. Nimekwisha kutia jiwe la kunolea mfukoni, pamoja na kitambaa. Kesho asubuhi nitakwenda Kangemi, na nakuahidi kwamba nitakwenda siku baada ya siku, maadamu miguu yanibeba. Nitaketi popote atakaponionyesha.

Lala kwa amani, mama. Wateja wako nitawasalimu mmoja mmoja, nami nitawaomba radhi kwa kuchelewa.

Mumeo,
Baba Nafula