Mafuta ya baraka juu ya détendeur

Butembo, siku ya posho (Jumamosi). Mvua imenyesha tangu asubuyi, na ukungu haitaki kutoka mu barabara. Ninaandika juu nikinyamaza nitapasuka.

Leo ilipashwa kuwa siku ya furaha. Mi ni Masika, soudeur, mwanamuke peke yake mwenye anaunganisha vyuma mu quartier yetu. Miaka yote mama mukwe wangu alikuwa anasema moto haiko kazi ya bibi ya mutoto wake. Halafu juma hii, bwana yangu akiwa Beni, mama mukwe mwenyewe akaniambia: nitaleta pasteur, abariki atelier yako, nafasi yako ya kazi. Nilifurahi mpaka nikalia kidogo.

Mais baraka ya kwetu inakuja na mafuta.

Bale hawajue hii kazi, acha nieleze. Chupa ya oksijeni iko na nguvu mingi sana ndani, mutu hawezi kuitumia hivi hivi. Juu yake tunafunga détendeur, ile kichwa ya shaba yenye sindano mbili za kuonyesha nguvu, na yenyewe njo inapunguza ile nguvu ifike pole pole ku chalumeau, ile bomba ya mukono yenye inatoa moto. Sheria yake kubwa iko hii: mafuta isiguse, hata tone moja. Oksijeni ikitoka mbio ikakuta mafuta, ile mafuta inawaka yenyewe, bila kiberiti. Maître mwenye alinifundisha kule Beni alikuwa ananusa mikono yetu kila asubuyi. Kama umekula mandazi, hugusi chupa, unaenda kunawa. Tulikuwa tunamucheka.

Leo hakukuwa mutu wa kunusa.

Asubuyi niliweka détendeur mupya juu ya meza, na kitambaa nyeupe ya meza chini yake, sawa mutoto wa kubatizwa. Mama mukwe akafika wa kwanza. Nikamuacha pale, nikaenda kuweka chai. Batu ba kanisa bakaanza kuingia na miamvuli yao, nikaona haya kubangojesha, nikafunga détendeur ku chupa mbio. Kila mara ninaangaliaka kwanza mudomo yake na mudomo ya chupa, kama ni safi. Ninafungua chupa kidogo tu ipulize vumbi, ninafunga tena, ninalegeza vis, ile skrubu ya détendeur, na ninasimama kando, hapana mbele. Leo sikufanya hata moja. Nilifunga tu, sawa mutu anafunika sufuria.

Pasteur akasali muzuri, kweli. Nilipofungua macho, mafuta yenye alimimina ilikuwa inateremuka juu ya détendeur, pole pole, inaelekea pale inashikana na chupa. Halafu pasteur akacheka, akasema niwashe, bote baone moto ya kwanza.

Ningesema nini mbele ya batu ba kanisa? Nikasema, "Pasteur, baraka ikauke kwanza." Bakacheka, bakakunywa chai, bakaenda.

Mama mukwe akabaki. Alitaka kuona ile moto na macho yake, apate kumuelezea mutoto wake. Nikashika kitambaa. Nitasema kweli hapa: nilifikiri nipanguse juu juu, niwashe kidogo tu, afurahi, iishe. Mukono ingine ilikuwa tayari ku chupa. Ile uso yake ya furaha ya leo nimeingojea tangu niolewe.

Akaniuliza, "Masika, unapangusa baraka?"

Hapo nikaweka kitambaa chini. Nikamuambia yote bila kuzunguka: oksijeni, mafuta, vile inapasuka, vile batu banapoteza mikono na macho. Nikamuambia haiko dharau, mama, iko woga. Nilingojea akasirike. Yeye akauliza na sauti ya chini:

"Na kama mafuta iko mpaka ndani?"

Sikuelewa. Akafungua sakoshi yake, akatoa kachupa kadogo, ile mafuta ya maombi anapakaa batoto bakiwa na homa. Wakati nilikuwa ku chai, alitia kidogo mu mudomo ya détendeur, juu baraka isibakie inje tu.

Chupa ilikuwa ingali imefungwa. Nikalegeza détendeur na clé, ile spana, nikaitoa. Ndani ilikuwa inangaa.

Nikaenda kukaa inje, mvua inaninyeshea. Kama ningepangusa tu inje nikafungua chupa, sijue ni nani angeandika hii leo. Na yeye alikuwa amesimama karibu yangu, akingojea kufurahi.

Akaja kukaa kando yangu, analia. Alisema alitaka tu ile moto isiniumize. Donc miaka yote alikuwa ananigombeza, ilikuwa woga. Tumeishi waoga wawili mu jamaa moja, na hakuna mwenye alimuambia mwenzake.

Détendeur nimeifunga mu plastiki na nimeandika juu: HAPANA KUTUMIA. Haitakutana na oksijeni tena mpaka mutu mwenye anajua kusafisha hii vyombo aniambie iko safi. Akikosa, itupwe. Chupa pia sitafungua, itarudia ku mwenye aliniuzisha, na nitamuambia kweli yote. Muteja moja wa Mbau mwenye aliniomba nimutengenezee mulango ya chuma atangojea. Akasirike akipenda.

Kabla ya kurudia kwake, mama mukwe aliniuliza: sasa atabariki na nini? Nikamujibu, na mukono, mama. Akaenda ku beseni, akanawa na sabuni mpaka ku viwiko, akanusa mikono, akanawa tena. Nikafikiri anaenda ku chupa. Kumbe alikuja akaweka mikono juu ya kichwa yangu.

Ilikuwa inanuka sabuni tu.

Bado ninaogopa. Mais kuanzia juma yenye inakuja, mutu mwenye ataingia mu atelier yangu nitanusa mikono yake kwanza, hata akiwa pasteur.