Mutoto Mwenye Jina Yako Alikuwa na Baridi

Mama yangu uliyeniachia Neema nimuchunge,

Ninakuandikia kwa mukono mumoja tu. Ungekuwa hapa ku hospitali ya Baraka ungenicheka: "We mukubwa hivi, unaogopa mashini?" Ndiyo, Mama, naogopa. Neema, mudogo wangu, alizaa mbele ya wakati. Mutoto tukamupa jina yako, wakamulaza ndani ya kuvezi, lile sanduku la kioo la kuwapatia batoto joto.

Na kuvezi hiyo ni mimi ninayeitengeneza. Kadi yake ya kompyuta iliungua, tukaweka mupya, yenye nguvu kupita ya kwanza, na programu ileile. Ekrani ya kuonyesha joto ikaandika digri thelathini na sita na nusu. Tukashukuru Mungu. Leo muchana mama enfirmiye, ule muuguzi, akaingiza mukono, akageuka kuniangalia, akaniita mukubwa wake kama vile Neema ananiita.

"Yaya, mutoto iko baridi. Mashini inasema iko na joto."

Neema akamuweka kifuani, lakini naye alikuwa amepoteza damu, meno yanagongana. "Tengeneza mbio, yaya. Mi sina joto ya kumupa."

Nikakifumbata kipimo cha joto ndani ya kiganja. Namba ku ekrani haikusogea. Nikazima, nikawasha: ikasoma sawa mara moja, halafu ikaganda palepale. Basi kipimo kilikuwa kizima. Sikujua tena niamini nini.

Ndipo nikakukumbuka, Mama, ku soko. Kabla ya kumutajia muntu bei ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ulinituma mbio kwa bavuvi nikaulize tena. Nilinung'unika: "Si nimekwisha kukuambia asubuhi?" Ukanifinya sikio. "Ile ya asubuhi iko kichwani mwako. Mi nataka ile iko ku ziwa sasa." Nilikukasirikia sana, jua kali, miguu inaungua.

Kumbe! Kadi mupya iko na kumbukumbu ndogo ya kuweka nakala za namba, karibu na prosesa, ile ubongo wa mashini. Ya zamani haikuwa nayo. Kipimo kilikuwa kinaweka namba mupya moja kwa moja ndani ya kumbukumbu kubwa, bila kupita kwa prosesa. Prosesa nayo ilikuwa inasoma nakala yake ya kwanza, haijui kama kuna kitu kimebadilika. Nikaizima ile ndogo, namba zikaanza kutembea. Nikaiwasha tena, nikaongeza amri moja: kila mara kabla ya kusoma, tupa nakala, nenda ukaulize tena.

Tukamurudisha mutoto. Ekrani ikaandika thelathini na ine.

Neema akalia kwa sauti. Mara hii ilikuwa kweli. Lakini joto la kuvezi likawaka. Sasa mashini ilijua. Namba inapanda polepole, na bado siiamini, Mama. Mukono wangu mwingine uko ndani ya kuvezi, ku mugongo wake.

Bamama wa huku wanasema aliyekufa anaweza kumupenda mwenye jina yake mpaka akamuita amufuate kwa wafu. Nilikuwa nawacheka. Leo naogopa hata kulitaja jina yako karibu naye, namuita Kadogo tu. Kama unamupenda, Mama, umupende kwa mbali. Jina tumekwisha kumupa. Yeye mwenyewe utuachie.

Mutoto wako wa kwanza,
ule uliyekuwa unamutuma akaulize tena